Si Xiaobei

"Mji mzima umeniambia hapana," Martina alisema, kama mtu aliyefikisha kesi kwa mtendaji wa kata. "Nimeuliza wanawake wenzangu, nimeuliza mzee wa watu, nimeuliza mpaka dereva wa basi. Wote hapana. Halafu wewe Dullah unaniambia nikae nile. Sili. Nibadilishie tiketi, kesho nirudi kwetu."

Dullah alikuwa upande wa pili wa meza, mkono umo sahanini. Akamkumbusha kwamba alimwambia asimame getini na asiondoke. Martina akajibu kwamba yeye hakuondoka, geti ndilo lililoondoka. Watu wa meza ya jirani wakaacha kutafuna ili wasikie vizuri. Ugomvi wa Kiswahili Guangzhou, China, hauna faragha. Kila anayeuelewa anajihesabu ndugu.

Hapo ni kwa Hasna, juu ya ngazi, mtaa wa Dengfeng pale Xiaobei, ambapo Mtanzania akishuka uwanja wa ndege huletwa kabla hajajua hata kitanda chake kiko wapi. Hasna ni wa Zanzibar, ana mgahawa na ana mdomo. Dullah ni wa Dar es Salaam, kazi yake kuwatembeza wageni sokoni na kuwasafirishia mizigo. Martina ni wa Bukoba. Safari hiyo mimi, mwanamke mwenzake wa biashara, nililala naye chumba kimoja, kwa hiyo haya nayaeleza kama mtu aliyemsikia hata akikoroma.

Alikuwa amelowa kuanzia mabegani kwenda chini. Kichwa kilikuwa kikavu, maana mkononi alishika mwavuli mkubwa mweusi wa kiume, mpini umezungushiwa utepe wa bluu, unadondosha maji kwenye sakafu ya Hasna. Hakuna aliyemuuliza kaupata wapi. Kila mtu alikuwa kwenye tiketi.

Na tiketi ilikuwa jambo zito. Martina anauza magauni ya Komunyo ya Kwanza, yale meupe ya mikono mirefu na shela zake. Zamani alikuwa akiyashona mwenyewe, cherehani barazani, mpaka macho yakaanza kumgomea. Akahamia kununua ya jumla, na mwaka uliopita mtu mmoja akamuuzia mzigo ambao lesi yake, ikiingia majini mara moja tu, inabaki kwenye vidole vya mfuaji. Akina mama wa parokia hawakumtukana. Walinyamaza tu, wakaanza kununua kwingine, na ukiwa muuzaji ni heri utukanwe. Mwaka huu aliwafuata nyumba kwa nyumba. Akawaambia anakwenda mwenyewe mpaka yanakotoka, na kila gauni atalivuta lesi kwa mkono wake kabla halijaingia kwenye mfuko. Wakamwamini tena, wengine wakampa na vipimo vya watoto. Mumewe, Kasmir, mtu mpole anayeogopa hata lifti, alimwambia atapotea huko. Martina akamjibu kwamba tangu azaliwe hajakosa wa kumwonyesha njia.

Sasa arudi kesho, bila gauni hata moja? Wale akina mama wasingemgeukia tena, na yeye alilijua hilo kuliko sisi wote tuliokuwa tunamwambia akae ale. Ndiyo maana alikuwa anatetemeka pale mezani. Mvua ya huko Aprili ni ya vuguvugu, haitetemeshi mtu.

Nimtetee kidogo, kwa sababu wageni wengine hupotea kwa uzembe wao. Nimeona mtu kaacha pasipoti chini ya godoro, halafu askari anamsimamisha barabarani anaanza kupapasa mifuko kama anatafuta ugoro. Nimeona mwingine kamfuata kijana aliyemnong'oneza ngazini na picha za mikoba kwenye simu, akapandishwa ghorofa asiyoijua, mlango ukafungwa nyuma yake, akatoka huko na mikoba asiyoitaka. Na nimeona wengi wanaosikilizia muungurumo kabla ya kuvuka, wakati pikipiki za kule ni za umeme, zinapita mpaka njia ya waendao kwa miguu na hazitoi hata sauti ya nyuki.

Martina hakuwa hivyo. Dullah alimfundisha mambo yote hayo siku ya kwanza, na yeye alishika kama katekisimu. Pasipoti aliitia kwenye mfuko alioushona ndani ya gagulo. Kadi ya hoteli, ile yenye maandishi ya Kichina, aliibana kwa pini ndani ya mkoba. Wale wa kunong'ona ngazini aliwajibu kama alivyoelekezwa, "buyao", yaani sitaki, na hakusimama. Akivuka njia aligeuza shingo kulia, kushoto na nyuma. Mtu wa namna hiyo akipotea, ujue kuna kitu hakuambiwa.

Kitu cha kwanza ni soko lenyewe. Shahe, soko la nguo za jumla, hufunguliwa watu wengine wakiwa bado wamelala na hufungwa mapema mchana. Sisi wazoefu tumelijua hilo muda mrefu mpaka tumesahau kwamba ni la kuambiwa mtu. Dullah alimwacha getini aende kumalizana na watu wa mizigo, akasema narudi sasa hivi, na sasa hivi ya Dullah tunaijua. Martina akalikariri geti lake kama unavyokariri pembe ya soko kwetu, kwa bidhaa: mdoli mwenye koti jekundu, pembeni yake ukuta wa jinzi za watoto, ng'ambo mama anauza mahindi ya kuchemsha. Akaona anao muda wa kuchungulia duka moja la magauni. Alipotoka, mdoli alikuwa anabebwa kiunoni kuingizwa ndani. Jinzi zilikuwa kwenye viroba. Mama wa mahindi hayupo. Milango ya chuma ilikuwa inashuka mmoja baada ya mwingine, ya kijivu, yote inafanana. Akaenda kutazama geti la pili kama ndilo lake, akaona silo, akaenda la mbele yake, na alipogeuka nyuma alikuwa mtaa mwingine kabisa.

Simu ilishaisha chaji. Alikuwa amepiga picha kila gauni alilolipenda, pamoja na sura ya mwenye duka, ili asije akageuziwa mzigo. Hata hapo huwezi kumlaumu.

Basi akaanza kuuliza, na aliuliza kama kwao, salamu kwanza. Wa kwanza alikuwa mwanamke mwenye mkokoteni wa machungwa. Martina akamwamkia, akamuuliza habari za kazi, akampa pole na biashara, yote kwa Kiswahili, kisha akatoa kadi na kusema, "Xiaobei?" Yule mwanamke akaisoma kwa midomo. "Si, si," akajibu. "Si Xiaobei." Na mkono akaurusha kama anafukuza kuku.

Teksi ikasimama yenyewe. Dereva akashusha kioo, Martina akataja Xiaobei, dereva akatikisa kichwa juu chini, "Si Xiaobei." Martina akamshukuru akarudi nyuma hatua moja. Anasema yule dereva alibaki anamtazama mdomo wazi, halafu akaondoka taratibu, kama mtu aliyesusiwa chakula.

La basi ndilo lililomuuma. Basi lilifika, mlango ukafunguka, ndani viti vitupu vinaonekana. Akapanda ngazi ya kwanza. Dereva kavaa glavu nyeupe, msafi kama bwana harusi. "Xiaobei?" Dereva akasema pole pole, ili hata mjinga aelewe, "Si Xiaobei." Martina akateremka. Dereva akaacha mlango wazi kwa muda, kisha akaufunga akaenda zake na viti vyake.

Hapo ndipo mvua ilipoanza, ile ya Guangzhou isiyotanguliza manyunyu. Akajibanza kwenye geti la majumba ya kupanga. Mlinzi akatoka kibandani, mzee, sare imemzidi mabega. Martina hakuwa na nguvu ya salamu tena. Akanyoosha kadi tu. Mzee akaisoma, akaanza "si, si, si" nyingi nyingi, huku anaonyesha barabarani. Martina akaona anafukuzwa. Akajitosa kwenye mvua kichwa juu, maana kufukuzwa ni jambo moja na kufukuzwa ukiwa umeinama ni jambo jingine. Mara akasikia viatu nyuma yake. Mlinzi anakuja mbio, mkononi kitu kirefu cheusi.

"Nikasema leo napigwa," alituambia pale kwa Hasna. "Nikakumbatia mkoba. Kumbe mwavuli. Kanishikisha kwa nguvu, kasema si, si, kanionyesha barabara, karudi mbio kashikilia kofia. Yaani mtu anakupa mpaka mwavuli ili usipate kisingizio cha kubaki getini kwake."

Aliyemwokoa ni Achieng, Mkenya anayeishi Xiaobei, ambaye alimkuta kwenye kituo cha basi amekata tamaa. Achieng akampandisha basi, akamteremsha, akamfikisha chini ya ngazi za Hasna, akaenda zake kwenye shughuli zake. Na basi lenyewe, Mungu shahidi, lilikuwa lilelile la glavu nyeupe.

"Achieng anapita, mimi nakatazwa," Martina alisema, na sauti sasa ilikuwa imeshuka, jambo lililonitisha kuliko ilipokuwa juu. "Na ananikataza kwa Kiswahili, Hasna. Mtu hajui hata habari ya asubuhi, lakini neno la kukatalia analo. Si Xiaobei. Wamejifunza hilo moja tu, kwa ajili yetu."

Hasna alikuwa ameinama na tambara, anafuta maji ya mwavuli. Akasimama.

"Hebu rudia, dada Martina. Kasemaje?"

"Si Xiaobei."

"Hivyohivyo?"

"Nimelowa nguo, Hasna. Masikio ni makavu."

Dullah akajishika kichwa kwa mkono wenye wali. Alikuwa ameelewa. Akaanza kucheka, na Hasna akamtazama jicho moja tu, akaacha. Bahati ikawa kwamba wakati huohuo mzee anayemletea Hasna mboga alikuwa anamalizia ngazi, gunia la mchicha begani, jasho linamtiririka. Hasna hakumpa hata nafasi ya kulitua. Akamuuliza kitu kwa Kichina, kidole kinaonyesha sakafu, na ndani ya swali nikasikia neno Xiaobei.

Mzee akamtazama kwa huruma, kama anayemwona jirani ameanza kusahau jina la mtaa wake.

"Si," akasema. "Si Xiaobei."

Nje kulikuwa na vijana wauza simu wanaita wateja, na juu yao kibao cha mtaa ambacho wote tulikuwa tumekipita tukiingia.

"Hapa tulipo ni wapi?" Hasna akamuuliza Martina.

"Xiaobei."

"Na huyu kasemaje?"

Martina akamgeukia yule mzee wa mboga.

Hasna akamvutia kiti. Akamweleza kwamba neno lao la kukubali wasomi wanalitamka "shi", lakini watu wengi wa kusini hawahangaishi ulimi, wanasema "si" wakamaliza. Sisi "si" tumezaliwa nayo ni ya kukana. Sikio linaipokea na kuifungia mlango kabla akili haijaulizwa. Wazungu hawakosei hapo, wala Wakongo na Kifaransa chao. Hilo ni kosa letu sisi, wa Kiswahili.

"Si Xiaobei yao maana yake ndiyo, ni Xiaobei," Hasna alisema. "Mwenzangu, mji mzima umekwambia ndiyo."

Hakuna aliyecheka. Ungeona uso wa Martina na wewe usingecheka. Alikaa, akaanza kurudi njia nzima kichwani, mtu mmoja mmoja, midomo inacheza. Yule wa machungwa alikuwa anamwonyesha upande wa kwenda. Yule wa teksi alikuwa tayari kumpakia, akaambiwa asante akaachwa na teksi yake.

"Yule wa glavu alikuwa ananisubiri," akasema. "Mlango aliuacha wazi. Nilidhani ananisubiri niteremke."

Kisha akautazama mwavuli kama ndiyo kwanza anauona.

"Na yule mzee je?"

Dullah akanawa mkono, akaufungua mwavuli katikati ya mgahawa, Hasna akamtukana kidogo kwa hilo. Kwa ndani kulikuwa na maandishi ya rangi nyeupe. Dullah akayasoma kwa shida, akasema ni jina la yale majumba. Mwavuli wa getini, basi, mali ya kazi. Martina akauliza, mlinzi akiulizwa uko wapi itakuwaje. Dullah akasema hajui, labda atasemwa, labda itabidi anunue mwingine. Akasema bila kufikiri, kama kawaida yake, lakini mimi nilimwona Martina anavyolipokea.

Akavuta sahani. "Kesho tunaanza saa ngapi?"

"Na tiketi, mama?"

"Tiketi gani?" Akatia tonge mdomoni, akatafuna. "Na wewe usicheke, sijamaliza na wewe. Ungeniambia soko linafungwa mchana, nisingejua hata huyo mlinzi ana sura gani."

Dullah akainamisha kichwa. "Hapo umenipata, mama. Hilo sikusema."

Kesho yake nilifuatana nao. Kituoni Martina akamzuia Dullah asiseme kitu. Basi lilipofungua mlango akapanda ngazi ya kwanza, akajisimamisha sawasawa, akamuuliza dereva, "Si Shahe?" Dereva, mwingine huyu, hana glavu, akajibu, "Si, si Shahe." Martina akanigeukia. "Umesikia?" Akapanda. Siku ile aliwauliza watu mambo ambayo hakuwa na haja nayo, ili tu wamjibu. Alimuuliza mwanamke aliyekaa kando yake kama ni Shahe, tukiwa tumeshafika Shahe na soko tunaliona. Yule mwanamke akamthibitishia kwa furaha. Dullah akamwomba aache, watu watadhani tumetoroka hospitali ya vichaa.

Magauni aliyanunua asubuhi ileile, na hapo ndipo niliona kwa nini wale akina mama walimwamini tena. Kila gauni alilivuta lesi. Alilowesha kidole kwa mate akasugua mshono. Mwenye duka akapiga kelele, Martina akampigia kelele na yeye, kila mmoja kwa lugha yake, na walielewana vizuri kabisa. Yaliyolegea aliyarudisha. Mazuri yakafungwa kwenye mifuko ya plastiki laini, ile inayopasuka ukiitazama vibaya. Dullah akataka tuyapeleke moja kwa moja kwa watu wa mizigo. Martina akasema kwanza getini kwa yule mlinzi.

Tukaenda kwa miguu. Yeye ndiye aliyeongoza, na hakukosea, maana safari hii alikuwa amekariri kona na majengo, hakukariri nguo. Anga lilikuwa limeshafunga tena. Tulipofika, mzee alikuwa kibandani anakunywa kitu cha moto kwenye chupa yenye kifuniko. Alimtambua Martina kabla hatujasimama. Mtu mweusi mmoja anayekimbia msaada kwenye mvua hasahauliki upesi. Akatoka, sare yake ileile imemzidi.

Martina akamwamkia. Salamu yote, kazi, afya, nyumbani hawajambo, na mzee akawa anaitikia kwa kichwa kila kituo, kama anaelewa. Kisha akampa mwavuli kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama wafanyavyo wanawake wa kwao wakimpa mtu mzima kitu. Alikuwa ameukausha usiku chumbani kwetu, ameukunja vizuri, na pale utepe wa bluu ulipokuwa umeachia, ameushona kwa uzi.

Mzee akautazama ule mshono. Akaugusa kwa kidole gumba. Kisha tone la kwanza likagonga bati la kibanda chake, na la pili, na akainua macho, akayaona yale magauni meupe kwenye plastiki yake ya kupasuka.

Akausukuma mwavuli urudi.

"Buyao," akasema. "Buyao, buyao."

Martina akasimama mikono yote miwili juu ya mpini. Dullah akafungua mdomo kutafsiri, nikamkanyaga. Neno hilo alikuwa analijua. Siku zote za soko alilisema yeye kuwaambia wengine. Katika mji ule wote, huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkatalia kweli.

"Anasema hautaki," Martina akatuambia, kwa sauti ndogo, kama sisi ndio tusiojua Kichina.

Mzee akaonyesha kibandani. Ukutani, kwenye msumari, kulikuwa na mwingine, mweusi, wa kiume, mpini umezungushiwa utepe wa bluu, mpya. Kisha akaonyesha magauni, akaonyesha mawingu, akarudi ndani kwenye chupa yake.

Martina akaufungua mwavuli. Akautandaza juu ya magauni, mimi nikashika upande huu wa mifuko, Dullah upande ule, tukaenda kituoni hivyo, magauni makavu, sisi tumelowa.